Trei ya mayai, dadu, duka au mstari: mchezo upi wa kujumlisha unafaa darasa lako?

Kuna siku nilipanga duka darasani. Maboksi matupu ya sabuni, paketi za majani ya chai, ndizi za kweli, noti za karatasi tulizochora wenyewe. Walimu wenzangu waliopita koridoni walisimama dirishani wakitabasamu, nami nikajiona nimefanya kazi. Jioni nilikaa nikahesabu: kati ya watoto 84, waliofika mezani wakanunua kitu ni 14. Wengine wote walikuwa foleni, na foleni ya watoto wa miaka sita unaijua. Wanasukumana, wanakanyagana, wanachungulia mbele. Hakuna anayejumlisha.

Tangu siku hiyo kila mchezo naupima kwa swali moja: ndani ya dakika kumi, mtoto mmoja amejumlisha mara ngapi yeye mwenyewe? Sisemi darasa zima. Nasema mtoto mmoja, hasa yule anayekaa nyuma karibu na dirisha, ambaye darasa likiitikia "tano!" naye anafungua mdomo.

Nawaandikia walimu wa awali, darasa la kwanza na la pili wa shule zetu za Dar es Salaam, ambao watoto wao wanabanana watatu au wanne dawati moja, zamu ya mchana inasubiri nje zamu ya asubuhi itoke, na vifaa ni chaki na unachookota. Kama una watoto 20 na zulia, hukumu zangu nyingi zipunguze makali.

Kwanza, cha kushika mkononi

Kabla ya mchezo kuna kitu cha kuhesabia, na hapa tunakosea mapema. Kokoto ni za bure, lakini zinarushwa. Maharage yanaishia puani. Mwalimu yeyote wa awali ana kisa chake cha haragwe, na mimi ninavyo viwili. Mbegu za ubuyu ni nzuri kwa ukubwa, tatizo ni kwamba watoto wetu wanazifahamu kwa ladha, hivyo zinaenda mdomoni hata zikiwa zimenyonywa na mtu mwingine jana. Vijiti vinasaidia sana ukifika kwenye makumi, maana unafunga kumi kwa mpira na mtoto anaona fungu moja, ila juu ya dawati lililoinama vinabiringika.

Vizibo vya soda kila mtu anavipendekeza. Nimevitumia miaka miwili. Vina meno, vinapata kutu, na watoto 84 wakivimwaga kwa pamoja juu ya mbao ni kama mvua ya mawe kwenye bati. Ukivigongagonga kwa nyundo makali yanaisha, kelele inabaki.

Siku hizi natumia vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Jijini humu vimezagaa kila kituo cha daladala. Ni vyepesi, havikwaruzi, unavifua kwa sabuni ya unga kwenye ndoo na kuvianika. Zaidi ya hapo vina rangi: bluu sita na vyeupe vinne vikikaa pamoja, mtoto anaona kumi na bado anaona ilivyoundwa.

Kuna jambo la lugha nalo, tunalipita haraka mno. Mtoto amefundishwa kuhesabu "moja, mbili, tatu". Unampa vijiti, ghafla namba zinageuka: kimoja, viwili, vitatu. Unampa mawe: mawili, matatu. Unamwambia ahesabu wenzake: wawili, watatu. Akifika sita na saba hakuna kinachobadilika, akifika nane kinarudi, vinane, manane, wanane, kisha tisa inatulia tena. Sisi watu wazima hatusikii chochote. Mtoto anayejitahidi kukumbuka nane inafuata nini, anabeba mzigo wa pili. Lakini kete, kokoto, mbegu na sarafu zinahesabika kwa maneno yale yale aliyoyakariri: mbili, tatu, nne. Kwa hiyo vifuniko vikishaingia darasani kwangu vinapoteza jina lao. Vinaitwa kete, kama vizibo vinavyoitwa kete vikishawekwa kwenye ubao wa drafti pale kijiweni. Hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Meza tupu na trei ya mayai

Ukimpa mtoto kete 8 na kete 5 juu ya meza tupu, atazisogeza pamoja na kuanza: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tatu. Jibu ni sahihi. Kesho mpe 8 na 6, ataanza tena na moja. Keshokutwa vilevile. Meza tupu inafundisha kwamba kujumlisha ni kuweka pamoja, na kwa wiki za mwanzo hilo ndilo tunalolitaka, usilirukie. Shida inakuja pale mtoto wa darasa la pili anapokuwa bado anaanza na moja kila siku kwa sababu hakuna kitu mezani kilichomlazimisha kufanya vingine.

Sasa chukua trei ya mayai. Ya kawaida inabeba mayai 30, vishimo vitano kwa sita. Ikate kwa mkasi mara mbili kufuata upande wa tano, utapata vipande vitatu, kila kimoja kina safu mbili za vishimo vitano. Kumi kamili. Wauza chipsi wa mtaani wanatupa trei kila usiku. Nenda jioni, salimia, omba, na uchague zile ambazo yai halikupasukia ndani. Zianike juani siku moja kabla hazijagusa mikono ya watoto.

Mtoto akiweka kete 8 ndani ya kipande hicho, safu ya kwanza imejaa, ya pili ina tatu, na vishimo viwili vinamkodolea macho. Hapo sina haja ya kufundisha kwa maneno mengi. Anachukua mbili kutoka kwenye zile tano, anaziba. Zilizobaki tatu zinakwenda kwenye kipande cha pili. Namuuliza, "Una ngapi?" Anatazama: kipande kimoja kimejaa, kingine kina tatu. "Kumi... na tatu." Hakuhesabu. Amesoma.

Na hapa Kiswahili chenyewe kinafanya kazi ya mwalimu. "Kumi na tatu" ni jina la namba na papo hapo ni hesabu ya kujumlisha: kumi, na, tatu. Mtoto wa shule inayofundisha kwa Kiingereza anakutana na majina ya 11 na 12 ambayo hayamwonyeshi kumi iko wapi. Wetu anaisikia kumi mpaka kumi na tisa. Kisha inakuja ishirini, neno lisilosema kwamba ndani yake kuna kumi mbili, na trei inaokoa tena: vipande viwili vilivyojaa, hivyo ndivyo ishirini inavyoonekana.

Gharama yake ni kukusanya. Kwa watoto 84 wanaocheza wawili wawili, jozi ni 42, kila jozi inahitaji vipande viwili, yaani trei 28. Kete 20 kwa kila jozi ni 840, na kila mtoto akileta vifuniko 10 umemaliza. Nilipata vyote ndani ya wiki mbili, nikapata na ziada. Udhaifu wa trei ni maji: masika ikishika, Machi hadi Mei, na darasa lina madirisha yasiyo na vioo, karatasi inalegea na kuota ukungu. Weka kwenye ndoo yenye kifuniko. Au chora vyumba kumi kwa chaki juu ya dawati; inafanya kazi, ila kete zinateleza jirani akikohoa.

Kwa kipimo changu: jozi moja inafanya hesabu kumi na kitu ndani ya dakika kumi, kila mtoto akiwa ama anaweka ama anamkagua mwenzake. Hakuna foleni.

Dadu au kadi

Dadu ina mvuto ambao mwalimu hawezi kuuiga. Watoto wanairusha, wanajumlisha, wanasogea, na hawakumbuki kama wanasoma. Lakini wiki ya kwanza nilipoingiza dadu, baba mmoja alinifuata getini.

"Mwalimu, shikamoo. Mwanangu anasema mnacheza dadu shuleni."
"Marahaba, baba. Tunajumlisha kwa dadu."
"Mimi mtaani kwetu nawafukuza wanaocheza dadu, wewe unamfundisha?"

Sikubishana. Nilimkaribisha ndani akae dawati la nyuma, amtazame mwanawe akirusha mbili, akiona nne na tatu, akisema saba. Alikaa robo saa. Akaondoka bila kusema amekubali, ila hakurudi. Wewe ukiona mtaa wako hautaelewa, tangulia kuwaeleza wazazi kwenye kikao, au anza na kadi, ingawa kuna watakaosema hizo nazo ni karata.

Tuache wazazi, tutazame hesabu. Dadu inaonyesha vidoti. Mtoto ambaye bado hajaizoea alama "5" anaweza kuvihesabu, na baada ya siku kadhaa anaacha kuvihesabu, anaitambua tano kwa sura yake, nne pembeni na moja katikati. Hiyo ni hatua kubwa na kadi yenye namba tupu haiwezi kumpa.

Upande wa pili, dadu inaishia sita. Ukirusha mbili unapata jumla kuanzia 2 hadi 12 na hazitokei sawasawa: kati ya njia 36 ambazo dadu mbili zinaweza kuangukia, sita zinaleta 7, moja tu inaleta 2, moja tu inaleta 12. Kwa hiyo watoto wako watakuwa mabingwa wa saba, na 8 na 5, 9 na 4, 9 na 7, zile hesabu zinazovuka kumi zikiwa na namba iliyozidi sita, ambazo ndizo zinazowasumbua, dadu haitawapa kabisa. Sifuri pia haimo. Wangu walikaa muhula mzima na dadu. Siku nilipouliza "sita jumlisha sifuri", mmoja akajibu "sitini".

Kadi unazikata mwenyewe kutoka kwenye maboksi, 0 mpaka 10, na unachagua kipi kiingie. Unataka wajizoeze kumi? Toa kadi, wachezaji wafunue mbili mbili wakitafuta 7 na 3, 6 na 4, kumi na sifuri. Unataka kuvuka kumi? Wape 5 hadi 9 pekee. Mchezo ninaoupenda: kila mmoja anafunua kadi mbili, anasema jumla yake, mwenye kubwa anabeba zote nne. Wenyewe wanakosoana kwa ukali kuliko mimi. "Mwongo, hiyo kumi na nne, siyo kumi na tano!" na hapo wanaenda kwenye trei kuthibitisha.

Kati ya viwili hivyo kuna daraja, na nashauri ulipite: kadi moja ya namba, dadu moja ya vidoti. Mtoto anafunua 7, hakuna vidoti vya kuhesabu juu ya kadi, hivyo analazimika kuishika saba kichwani, kisha anaendelea kwenye vidoti vya dadu: nane, tisa, kumi. Kwa njia hii nimewaachisha wengi kuanza na moja bila kuwagombeza.

Onyo la kiutendaji kuhusu dadu: isirushwe juu ya dawati. Itaanguka, na watoto wanne wataingia uvunguni nayo. Itikiswe ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko na isomwe humo humo.

Mstari wa sakafuni, na lile duka

Hii miwili naiweka pamoja kwa sababu ina ugonjwa mmoja: mtu mmoja anafanya, umati unatazama. Mstari wa namba sakafuni, 0 hadi 20 kwa chaki, mtoto anasimama kwenye 3 na kuruka mara mbili, una raha yake, na kwa mtoto ambaye mwili wake hautulii ni dawa. Ila utaona kosa lile lile kila mwaka. Mtoto amesimama kwenye 3, unamwambia aongeze mbili, anakanyagakanyaga hapo hapo alipo akisema "moja", anaruka "mbili", anatua kwenye 4. Amehesabu vyumba badala ya miruko. Tiba yake ni kumfanya apige makofi kila anapotua, na mahali pa kuanzia hapana kofi.

Mtoto mmoja anatumia kama nusu dakika. Dakika kumi, watoto ishirini, hesabu moja moja. Ukihamishia mstari kwenye kipande cha boksi juu ya dawati, kete ikawa chura anayeruka, kila mtoto anaruka mara nyingi na kosa la kuanzia linaonekana mapema. Wa sakafuni nabaki nao kwa kuonyeshea, na kwa saa sita mchana za Februari ambapo joto limewalaza wote.

Duka lina kitu kimoja ambacho mengine hayana: fedha. Na fedha zetu zina mtego. Ukiandika kashata 2, muhogo 3, mtoto wa Mbagala atakucheka, shilingi mbili haijui. Ukiandika 200 na 300, umeingia kwenye mamia wakati mtaala wako bado uko kwenye makumi. Nilihangaika na hili mpaka nilipowasikiliza wanavyoongea wenyewe. Mtoto anayetumwa dukani hajumlishi 200 na 300. Anasema mia mbili na mia tatu ni mia tano, jero. Kwake "mia" ni kitu kinachohesabika kama kete. Kwa hiyo katika duka langu la sasa kuna sarafu za mia pekee, duara za boksi, na bei za kweli: ubuyu mia, kashata mia mbili, muhogo mia tatu. Kashata na muhogo ni sarafu mbili na tatu. Ni 2 na 3 iliyovaa nguo za nyumbani, na bei haidanganyi. Jero inaingia baadaye, badala ya sarafu tano, na kwa bahati tano ndiyo safu moja ya trei.

Lakini liwe duka la kila dawati, muuzaji mmoja na wateja wawili, wabadilishane. Duka moja kubwa mbele ya darasa liache kwa siku ya wageni.

Nyimbo nazipita haraka. Zinaamsha, zinapanga namba kichwani, zinajaza dakika tatu za kubadilisha somo. Kama zoezi la kujumlisha zinadanganya, kwa kuwa sauti tano zinabeba darasa zima.

Mdako

Nimeuacha mwisho kwa sababu ninaupendelea na sitaki kujifanya sina upande. Wengi mnaujua: shimo dogo, kokoto ndani, unarusha moja juu, unazitoa zilizo shimoni, unaidaka. Unarusha tena, unazirudisha isipokuwa moja, hiyo ni yako. Wasichana wa darasa la tatu wanaucheza mapumziko bila mwalimu kuwaomba.

Uanzishe na kokoto kumi kamili na duara la kuchora chini badala ya shimo. Kila baada ya mrusho, kabla ya zamu kupita, mchezaji anasema zilizo ndani na zilizo nje: "saba ndani, tatu nje, kumi." Zamu inayofuata labda amebakiza mbili zaidi: "tano, tano, kumi." Kumi inavunjwa na kuunganishwa kila sekunde chache, mikono ikiwa na haraka, na jozi za kumi zinaingia bila kukaririshwa. Ukilinganisha na trei: ile ni ya utulivu na inaonyesha, huu ni wa kasi na unazoesha. Asiyeelewa bado, mdako utamwacha nyuma. Aliyeelewa, trei itamchosha.

Kasoro yake ni mikono. Wa miaka mitano hawezi kurusha, kuokota na kudaka, na asiyedaka katika mdako wa kawaida anatolewa, maana yake anayehitaji mazoezi zaidi anapata machache zaidi. Nimebadilisha sheria: kudondosha hakukutoi, kukosea jumla ndiko kunakupitisha zamu. Walilalamika wiki moja kwamba nimeharibu mchezo. Na ni wa nje, mchangani, hivyo masika inapokuja unalala.

Ukinibana nichague: darasa la awali, kete juu ya meza tupu kisha trei, na kopo la dadu moja. Darasa la kwanza lenye watoto wengi, trei kila siku, kadi na dadu mara mbili kwa wiki, duka la madawati siku ya Ijumaa. Darasa la pili, kadi za 5 hadi 9, na mdako asubuhi kabla jua halijakaa vibaya. Ukiwa na nafasi ya kitu kimoja tu mwaka mzima, kamwone muuza chipsi.

Na usikusanye kete kwa kuzimwaga ndani ya ndoo. Kila jozi inirudishie kipande kilichojaa, mkononi mwangu. Kishimo kikiwa wazi nauliza, "Tisa na ngapi ni kumi?" Wanajibu wote wawili "moja!" na kuanza kutazamana mifukoni.